Macho ya Kioko na Karatasi ya Mgeni

Mutiso alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharagwe, akasema, "Mwende, Kioko ametuacha," kisha akanyamaza kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipofaa. Tulimzika Kangundo, nyuma ya nyumba yao, kwenye mteremko wa mikahawa ambayo siku hizi haichumwi sana. Mchungaji kijana alisoma wasifu wa marehemu: kwamba alifundisha watoto wasioona kwa maisha yake yote, kuimba na kusoma kwa vidole, kwamba ameacha mjane na mabinti watatu, kwamba hakuwahi kusikika akipandisha sauti. Kuhusu mwaka ninaotaka kuueleza hapa, alisoma sentensi moja, kwamba marehemu alisoma kwa muda katika chuo kimoja Machakos kabla ya kupatwa na tatizo la macho. Baadaye tulipokaa chini ya hema na sahani zetu za wali na nyama ya mbuzi, Mutiso aliisogeza sahani yake pembeni bila kuila. "Sentensi moja," alisema. "Mwaka mzima ule, sentensi moja. Wewe ndiye uko na mkono wa kuandika. Andika." Nikamuuliza niandike kwamba nani alimfanya nini nani, maana juu ya jambo hilo mimi na yeye hatujawahi kukubaliana tangu ujana. Alifikiri kidogo. "Andika tu vile ilikuwa," akasema.

Tulikuwa watu watatu darasani. Chuo chetu kilikuwa cha kanisa, juu ya mji wa Machakos, majengo ya mawe yaliyozungukwa na mikaratusi ambayo upepo ukivuma hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Wengine wote chuoni walisomea ualimu au uchungaji. Sisi watatu tulisoma Kilatini na Kiyunani, kwa sababu miaka mingi nyuma chuo kilikuwa kimepatana na chuo kikuu kimoja cha zamani huko Uingereza kwamba wanafunzi wake wangeweza kufanya mtihani wa digrii ya chuo kikuu hicho papa hapa, kwa karatasi zilezile na kwa taratibu zilezile, hata majoho meusi. Darasa letu lilikuwa chumba cha mwisho ghorofani, chenye madirisha marefu yaliyotazama paa za mabati za mji na, mbali zaidi, uwanda mkavu unaoelekea Athi River. Mwaka ule mvua ya vuli ilikataa, na ile ya masika ikaja siku chache tu ikaondoka. Vumbi lilipanda mpaka kwenye madawati yetu. Ukifuta asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako tena kwa kidole.

Mwalimu wetu aliitwa Mbithi. Alikuwa Mkamba wa kutoka upande wa Mwala, mrefu, mkavu, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa hata jua likiwaka namna gani. Yeye mwenyewe alikuwa ameufanya mtihani ule ule huko Uingereza akiwa kijana na kupata daraja la kwanza, na kwa kadiri nilivyoweza kuona, hakuna kilichomtokea baadaye ambacho kiliwahi kulingana na wiki ile. Alituambia jinsi walivyoingia ukumbini asubuhi na alasiri, siku baada ya siku, jinsi ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kutamka neno, na jinsi ambavyo katika mwaka wake mwenzao mmoja alisimama katikati ya karatasi, akavua joho, akalikunja vizuri juu ya kiti na kutoka nje, na baadaye wakasikia kwamba alikutwa mtoni amekufa maji. "Sisi tuliendelea kuandika," Mwalimu alisema. "Hakuna aliyeinua kichwa. Ndivyo inavyotakiwa." Mutiso alicheka, akidhani ni utani. Mwalimu alimtazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka, Mkuu wa chuo alikuja darasani, akasimama karibu na mlango kama mtu ambaye hana nia ya kukaa, akatuambia kwamba halmashauri ya kanisa inauliza faida ya lugha za watu waliokufa katika nchi ambayo watu walio hai wanalala njaa. Wamekubali kungoja matokeo yetu. Mtahini atakuja kutoka Uingereza kwa ajili ya mtihani wa mdomo. Kama angalau mmoja wetu atapata daraja la kwanza, masomo yataendelea. Kama sivyo, sisi ndio wa mwisho. Alipotoka, Mwalimu Mbithi alitazama dirishani, halafu akamgeukia Kioko, si mimi wala Mutiso, akasema, "Endelea pale tulipoachia." Nadhani kuanzia hapo kila mtu chumbani alijua mzigo umewekwa kwenye mabega ya nani.

Kioko aliustahili. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na Mutiso alikuwa mwanafunzi mwenye bahati, lakini Kioko alikuwa kitu kingine. Shairi akilisikia mara mbili lilikuwa lake. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, na alikula kuliko sisi wawili tukiunganishwa. Nikikumbuka mwaka ule, kwanza huja bwalo: meza ndefu zilizochongwa majina, harufu ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, uliochemka na maharagwe tangu alfajiri, vikombe vya bati vya chai ya maziwa ambayo kadiri ukame ulivyozidi ilizidi kuwa chai na kupungua maziwa. Na kwenye bwalo hilo ndipo nilipoanza kuona mambo. Kioko aliyekuwa akimimina chai huku anaongea, bila kutazama, sasa aliingiza kidole ukingoni mwa kikombe kwanza. Alianza kukaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani. Mtu akija kutoka ubavuni na kumsalimu, alishtuka. Siku moja Mutiso alinyoosha mkono kumpa chumvi, na mkono ukabaki hewani kati yao, Kioko akitabasamu na kumtazama usoni, haoni chumvi. "Chukua basi," Mutiso akasema, naye Kioko akapapasa, akaipata, akasema alikuwa anawaza mambo mengine.

Kisha akaniomba nimsomee. Alisema akisikia kwa sikio inashika zaidi kuliko kwa jicho, na kwamba mimi nasoma vizuri, sitafuni maneno. Sikuona ubaya. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa, penye kivuli, kila mtu na kitabu chake magotini, mimi nikisoma kwa sauti naye akifuata kwa kidole. Tulisoma vitabu vyote tulivyopangiwa kwa njia hiyo. Alasiri moja niliruka mstari bila kujua. "Umeruka," Kioko alisema, akautamka mstari wenyewe, neno kwa neno. Nikageuka kumwonyesha mahali macho yangu yalipopotelea, na ndipo nilipoona kwamba kidole chake kilikuwa kikitembea taratibu, kwa uangalifu mkubwa, juu ya ukurasa mwingine kabisa. Kilikuwa kimefika mahali pasipo na maandishi na kilikuwa bado kinatembea.

Niliufunika mkono wake kwa wangu ili kidole kisimame. Upepo ulikuwa unalia kwenye mikaratusi. "Ni kama kutazama ndani ya mwanzi," hatimaye alisema. "Ule mwanya wa katikati uko, lakini kila mwezi unapungua. Na taa, Mwende. Taa ziko na duara la rangi, kama upinde wa mvua. Halafu kichwa kinauma mpaka natapika."

"Umeenda hospitali?"

"Nimeona daktari wa macho. Ni presha ya macho. Anasema nipasuliwe Nairobi, haraka, halafu nilale, nisisome hata gazeti, wiki nyingi. Nikamuuliza nikingoja je. Akasema kile kinachopotea hakirudi." Alifunga kitabu. "Mtihani hauwezi kuahirishwa. Huyo mtahini anakuja mara moja. Baada ya karatasi ya mwisho nitaenda."

"Kioko, na kama ikipotea yote kabla ya hapo?"

"Nimeweka vitabu vyote hapa," alisema, akigusa paji la uso. "Wewe soma tu."

Nilisoma. Siku hizi watu huniuliza, hasa wanangu, mbona sikupiga kelele siku hiyo hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuwa karibu na kipaji kikubwa hawezi kuelewa jinsi kinavyowanyamazisha wengine. Tulimwamini. Alipokuwa akitamka mistari ile kwa sauti yake ya chini, ilionekana haiwezekani kwamba kitu kidogo kama macho kingeweza kumshinda. Lakini hofu ilikuwa imeniingia na haikutoka. Nilianza kumtazama akishuka ngazi. Nilianza kuhesabu, bila kutaka, vitu ambavyo angeweza kuangukia: ndoo ya mfagiaji, mtaro, baiskeli iliyoegemezwa vibaya. Kwenye ibada aliimba akiwa amefumba macho na watu wakasema ni uchaji.

Siku chache kabla ya mtihani nilikwenda jikoni kuomba maji ya moto, maana mafua yalikuwa yamenikamata. Mpishi alikuwa nje akipasua kuni. Kati ya jiko na bwalo palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, nacho kilikuwa wazi kidogo, na upande wa pili walikuwa wameketi Mkuu wa chuo na Mwalimu Mbithi, wanakunywa chai peke yao. Nilisikia Mkuu akisema, "Kijana huyo apelekwe Nairobi wiki hii. Daktari ameniandikia mimi mwenyewe."

"Baada ya mtihani," Mwalimu akajibu.

"Mbithi, ni macho ya mtu."

"Najua ni macho. Nimemwuliza. Amesema atafanya."

"Ana miaka ishirini na mbili. Unamwuliza mtu wa miaka ishirini na mbili swali kama hilo, atakujibu nini?"

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni, kikizunguka tu. Kisha Mwalimu akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Akiondoka sasa, hakuna atakayekuja hapa tena kusoma hivi vitu. Hakuna. Nitakuwa nimeishi kwa ajili ya nini?" Mkuu hakuinuka. Nilisubiri ainuke. Nilisimama pale na birika tupu mkononi nikingoja mtu mzima mmoja kati ya wale wawili ainuke aende kumwita Kioko, na wote wawili wakamaliza chai yao.

Kesho yake nilipanda basi la kwenda Kangundo bila kumwomba mtu ruhusa. Mama yake Kioko nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anapukuchua mahindi kwenye ungo, mahindi madogo ya mwaka wa ukame, gunzi lenye punje hapa na pale kama meno ya mzee. Hakuwa amewahi kuniona. Nilimsalimu kwa Kikamba, nikamwita Mwaitu, kama tunavyomwita mama, nikamwambia mimi ninasoma na mwanawe. Alinipa kiti, akaniletea uji, akangoja nimalize kunywa ndipo akasema, "Sasa niambie kile kimekutoa Machakos." Nikamweleza yote. Hakuacha kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo moja moja, na nilipofika kwenye maneno ya daktari, kwamba kile kinachopotea hakirudi, mikono yake ilisimama. "Alikuja hapa Pasaka," alisema. "Akapita kando ya mlango akagonga ukuta. Nikadhani amekunywa. Nikamgombeza." Alitazama ungo. "Nikamgombeza," akarudia.

Mama huyo alifika chuoni siku ya kwanza ya mtihani, amevaa kitambaa cheupe kichwani na viatu vya kanisani. Kioko alikuwa tayari amevaa joho. Majoho yetu yalishonwa na fundi wa sokoni ambaye hakuwahi kuona joho. Aliyafuata maelezo ya Mwalimu na matokeo yake yalifanana na kanzu za mapadri waliokonda. Waliongea pembeni, mama na mwana, chini ya mti. Sikusikia maneno, lakini nilimwona mama akimshika kidevu na kugeuza uso wake kwenye mwanga, huku na huku, kama mtu anayekagua kitu sokoni, na nilimwona Kioko akipiga magoti kwenye vumbi na joho lake jeusi. Alikuwa akiomba siku tatu. Mama yake akamwacha pale amepiga magoti, akamwendea Mwalimu Mbithi aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi na bahasha zilizofungwa kwa lakiri. Hayo niliyasikia, maana nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa heshima zote. "Wanasema atapata kitu kikubwa hapa. Sijasoma, kwa hivyo niulize. Hicho kitu akishapewa, atakisoma na nini?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimtazama mtu ambaye angeweza kukujibu swali lolote katika lugha nne, nikamwona akiutafuta mlango wa kutokea na asiuone. "Mama," alisema, "ni siku tatu tu." Mama yake Kioko akaitikia kwa kichwa, kama kwamba jibu lilikuwa limetolewa. Akaketi kwenye ngazi ya ukumbi, akanyoosha miguu, akasema, "Basi nitangoja hapa. Siku hizo tatu nitazihesabu nikiwa hapa."

Karatasi za mwanzo zilikuwa za vitabu tulivyovisoma. Kioko alikuwa na ujanja wake. Alileta uso karibu sana na karatasi, akatafuta ndani ya mwanzi wake maneno mawili matatu ya mwanzo wa kila kifungu, na akishayapata alijua ni wapi, na yaliyobaki yote alikuwa nayo kichwani. Aliandika haraka, kwa herufi kubwa. Mchana tulipokula, mama yake alimmenyea machungwa na kumwekea vipande kiganjani. Mutiso alianza kuamini. "Anaweza kumaliza," aliniambia. "Kwa kweli anaweza." Hata mimi, kwa saa moja au mbili, niliamini. Lakini siku ya pili jioni Kioko alishindwa kutofautisha mlango na dirisha, akaelekea dirishani akiwa na uhakika kamili wa hatua zake, na Mutiso akamshika joho.

Alasiri ya siku ya tatu ilikuwa karatasi ambayo Mwalimu aliiita karatasi ya mgeni. Ni matini ambayo hakuna aliyeifundishwa. Mwalimu alipenda kusema kwamba unakutana nayo kama unavyokutana na mgeni mlangoni: hujui jina lake wala anakotoka, lazima umjue kwa kumtazama usoni. Katika siku zote za maandalizi hakuna mmoja wetu aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele ya Kioko. Bahasha ilifunguliwa. Joto lilikuwa kali, madirisha yamefungwa ili upepo usipeperushe karatasi, na nzi alikuwa akijigonga kwenye kioo. Sheria ilikuwa kwamba yeyote akitamka neno ukumbini, karatasi ya wote inafutwa. Niligeuza yangu. Maandishi yalikuwa madogo, yamebanana. Nikamtazama Kioko.

Aliileta karatasi usoni. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akaiinua kuelekea dirishani. Akaiweka chini na kuilaza kwa viganja viwili, kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Nilidhani atasimama. Badala yake akachukua kalamu na kuanza kuandika. Aliandika akiwa ameketi wima, kichwa hakikuinama, macho yameelekea ukutani mbele yake, mkono ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Sijui mimi mwenyewe niliandika nini siku ile. Nakumbuka Mwalimu Mbithi akitembea kati ya madawati na mikono nyuma, viatu vyake vikilia kwenye mbao, na nakumbuka viatu vikisimama. Alikuwa amesimama nyuma ya Kioko. Kutoka nilipokaa niliona kile alichokiona yeye. Kioko alikuwa anaandika juu ya mstari mmoja. Kila alipofika mwisho alirudi mwanzo akidhani ameshuka, na hakuwa ameshuka, na sentensi zilikuwa zimepandana moja juu ya nyingine mpaka mahali pale pamekuwa utepe mweusi uliolowa wino, na karatasi iliyobaki yote ilikuwa nyeupe.

Mwalimu alisimama pale muda mrefu mno. Nilimwona akiinua mkono, mkono ukafika karibu na bega la Kioko. Halafu akaurudisha nyuma ya mgongo na kuendelea kutembea. Kioko aliandika mpaka kengele ikalia.

Hapo ndipo mimi na Mutiso huachana njia. Mutiso husema Mwalimu alimmaliza mtu pale, kwa sababu ya sheria ya karatasi. Mimi husema kwamba Kioko alikuwa anajua tangu alipoilaza ile karatasi. Kwamba angeweza kusema neno moja tu, na karatasi yangu na ya Mutiso zingefutwa pamoja na yake, na kwamba aliendelea kuandika ili sisi tumalize. Sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa na miaka arobaini ya kumwuliza, tumekaa pamoja mara nyingi tukila mahindi ya kuchoma kwenye veranda yake, na kila mara nilizungumzia kitu kingine.

Kengele ilipolia alitoka akiuelekea mwanga wa mlango, mkono mmoja ukutani. Mama yake alisimama, akamvua joho, akamkabidhi Mutiso, akamshika mwanawe mkono. Hawakuaga. Niliwatazama wakishuka barabara ya vumbi kuelekea mjini, mama mbele nusu hatua, wala hawakugeuka.

Mtahini alikuja baada ya wiki kadhaa, mzee mwenye adabu aliyekuwa akifuta jasho kwa leso kubwa. Alituhoji mimi na Mutiso vizuri, akatupa daraja la pili sote wawili, nusura atuambie palepale. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Akatoa kwenye mkoba karatasi yenye utepe mweusi, akaiweka mezani na kumwuliza Mwalimu Mbithi ni kitu gani hiki, maana karatasi nyingine za mwanafunzi huyo zilikuwa bora kuliko zote alizosahihisha kwa miaka mingi. "Alikuwa mgonjwa," Mwalimu alisema. Mtahini akauliza tangu lini. Tulikuwa bado chumbani; hakuna aliyetuambia tutoke. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama mikono yake. Mwalimu angeweza kusema tangu siku ile. "Tangu kabla ya mtihani kuanza," alisema. "Nilijua. Nilimwacha aingie." Mtahini aliikunja leso yake, akaikunja tena. Mwezi uliofuata barua ya halmashauri ilisomwa kanisani na darasa letu likafungwa. Mwalimu aliacha kufundisha mwaka huohuo, akarudi Mwala.

Lakini kabla ya kurudi alikwenda Kangundo kupeleka matokeo kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa huko, nimekwenda kumwona Kioko alipotoka hospitali. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto walikuwa wameokoa mwanga kidogo. Alisema ni kama mwanga unaopita chini ya mlango. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao uani na kitambaa usoni, anapukuchua mahindi kwenye ungo wa mama yake, na vidole vyake vilikuwa vimeshajifunza. Mwalimu aliingia na suti ile ya kijivu, imejaa vumbi mpaka magotini. Mama yake Kioko alimwona, akaingia ndani. Nikadhani hatatoka. Akatoka na kiti, kisha akatoka na chai, akamwekea mkononi.

Mwalimu hakuinywa. Alieleza habari aliyoileta. Alisema chuo kikuu kimempa Kioko digrii. Haina daraja, wala la kwanza wala la mwisho, bali ni ile wanayompa mtu aliyeshindwa kumaliza kwa sababu ya maradhi. Ina jina lake la Kilatini na ndilo litaandikwa kwenye cheti. Akalitamka. "Aegrotat."

Vidole vya Kioko vilisimama kwenye gunzi. "Aegrotat," alirudia, kwa ile sauti ya chini. "Nafsi ya tatu, umoja."

"Ndiyo," Mwalimu akasema.

"Wakati gani?"

Kuku alikuwa amekuja kudonoa punje zilizoanguka miguuni petu. "Uliopo," Mwalimu akasema.

"Hawakuandika uliopita."

"Hawaandiki uliopita. Haijawahi kuandikwa hivyo."

Kioko alitikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya darasani jibu likiwa sahihi. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akauliza kwa Kikamba watu wale wa Uingereza wanasema nini.

"Wanasema mimi ni mgonjwa, Mwaitu."

Alilitafakari hilo. Alimtazama mwanawe, akamtazama mgeni. "Walikuja kutoka mbali namna hiyo," alisema, "kuja kutuambia." Kisha akashuka ngazi, akachukua kikombe mkononi mwa Mwalimu, akamwaga kile kilichopoa kwenye vumbi, akamjazia kingine cha moto. "Kunywa, mwalimu," alimwambia. "Jua litakukuta njiani."

Naye akanywa, mpaka tone la mwisho, huku mama yake Kioko amesimama juu yake akingoja kikombe.